Maziwa Aliyoyarudisha Karani

Katika vilima vinavyoizunguka Silibwet, kila mwenye ng'ombe alimjua Kimeli, na wengi walimwogopa kuliko walivyomwogopa chifu. Alikuwa karani wa sosaiti ya maziwa, ule ushirika wa wafugaji. Kila asubuhi saa kumi na mbili alisimama juu ya jukwaa la saruji kando ya barabara, koti jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, na wakulima wakaipanga mitungi mbele yake kimya kama watu waliokuja kuungama. Alifungua kifuniko, akanusa, akauinamisha mtungi aone maziwa yanavyoteleza ubavuni, kisha akamimina kidogo na kutumbukiza kile kipimo chake cha kioo kinachoelea. Akisema "pita," umepita. Akisema "hii iko na maji," basi beba mtungi wako, na mtaro wa kumwagia uko pale chini.

Hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hili mapema, maana huko mbele utatamani kumzaba kofi. Alikuwa mwaminifu mno, na kwa miaka kumi na mmoja hakupokea hongo ya hata kabichi. Aliwahi kurudisha maziwa ya mzee wa kanisa lake mwenyewe siku ya Jumamosi, na Jumapili akaketi naye benchi moja akaimba bila wasiwasi wowote. Na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwamba amekosea.

Mkewe aliitwa Janeffer. Alichuma chai katika robo tatu ya eka yao nyuma ya nyumba, mwanamke wa maneno machache na mikono myepesi. Walikuwa wamekaa miaka minne wakingoja mtoto, mpaka majirani wakaacha kuuliza. Alipozaliwa binti, jioni ng'ombe wakirudi zizini, wakamwita Cherotich kama desturi inavyotaka. Kimeli alimpenda mtoto huyo kwa mapenzi yaliyochanganyika na hofu. Alikuwa akisimama juu ya kitanda chake kidogo na kumtazama akipumua, asiamini.

Wiki tano za kwanza mambo yalikwenda vizuri, ila Kimeli hakujua kwamba huko ndiko kwenda vizuri. Mtoto alinyonya kila baada ya muda mfupi, na jioni alilia, akataka titi, akaliacha, akalitaka tena, kama watoto wachanga wanavyofanya tangu dunia iumbwe. Janeffer alichoka lakini hakulalamika. Kimeli ndiye aliyeanza kujiuliza maswali. Ndama aliyeshiba hulala, alijiambia. Huyu anayelia kila jioni, je, anashiba?

Asubuhi moja Janeffer alikuwa na safari ya kwenda mjini Bomet kung'olewa jino lililomtesa tangu akiwa na mimba. Matiti yakiwa yamejaa, alikaa karibu nusu saa akikamua kwa mkono, akapata glasi isiyofika nusu. Aliifunika kwa kisahani na kuiweka mezani karibu na dirisha.

"Akiamka umpe hii na kikombe, polepole," alimwambia mumewe. "Nitarudi saa nane."

Kimeli alikuwa ametoka kazini sasa hivi, na koti lake jeupe bado lilikuwa mwilini. Labda lile koti ndilo lililomponza. Aliondoa kisahani, akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaiinamisha. Maziwa yalikuwa mepesi, yenye rangi ya buluu kidogo pembeni, na yaliteleza kwenye kioo bila kuacha alama. Yalikuwa machache mno kwa kile kipimo cha kuelea, lakini jicho la karani lilijiona linatosha. Janeffer alikuwa bado mlangoni, anafunga kitambaa kichwani.

"Hii iko na maji," Kimeli akasema.

Aliyasema kama alivyoyasema kila asubuhi, bila hasira, bila hata kufikiri. Ulimi hauna mfupa. Janeffer alimtazama, akangoja acheke ili naye acheke, liwe jambo la utani liishe. Kimeli hakucheka, kwa sababu alikuwa ameanza kuwaza, na alipowaza aliona kila kitu kinalingana: kile kilio cha jioni, kunyonya kusikoisha, na sasa haya maziwa mepesi. Alipoinua macho, mlango ulikuwa wazi na mkewe alikuwa ameshafika barabarani.

Alikuwa na ng'ombe mmoja aitwaye Malkia, ambaye maziwa yake yalikuwa mazito hata angeweza kuyapeleka maonyesho. Alichemsha kikombe cha maziwa hayo, akayapoza, akamtuma mwendesha pikipiki amletee chupa ya mtoto kutoka madukani. Cherotich alipoamka akanyonya chupa yote, akalala saa tatu mfululizo. Kimeli alikaa kando yake akijiona kama mtu aliyevumbua dawa. Tumbo la mtoto wa wiki tano likipewa maziwa ya ng'ombe hulemewa na kazi, na mtu asiyejua akiuona usingizi ule huuita shibe. Lakini nani angethubutu kumfundisha karani habari za maziwa?

Janeffer alirudi na shavu limevimba, pamba mdomoni. Aliiona glasi palepale alipoiacha.

"Hukumpa?"

"Ilikuwa nyepesi, Janeffer. Nimempa ya Malkia. Si uone vile amelala."

Janeffer alichukua glasi, akatoka nje, akaenda mpaka kwenye majani ya nepia, yale ya kulisha ng'ombe, nyuma ya zizi, na kuyamwaga maziwa yake chini kwenye mashina, polepole, kama wanavyomwaga wakulima waliorudishwa. Kimeli alimwona kupitia dirishani. Alimwona vizuri kabisa, na asielewe alichokiona.

Tangu siku hiyo Janeffer hakuibishia chupa. Mama gani, akishaambiwa na mtaalamu wa maziwa kwamba yake ni maji, atasisitiza kumlisha mwanawe maji? Mwanzoni alinyonyesha asubuhi na mchana, akijifungia chumbani kama anayefanya jambo la aibu. Baadaye ikawa asubuhi tu. Mtoto naye alishazoea chupa inayomimina bila jasho. Akiwekwa kwenye titi alilivuta kidogo, akaliacha, akapiga kelele, na Janeffer alikisikia kila kilio kama hukumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Titi lisiponyonywa huacha kutengeneza. Wiki mbili hazijaisha, na yale maziwa yaliyokuwa yakimlowesha nguo akiwa kwenye chai yakawa matone.

Kisha Cherotich akaanza kuharisha. Ikawa mara tatu kwa siku, kisha mara sita. Mashavu yakashuka, shingo ikaonekana ndefu. Kimeli aliamua kwamba maziwa ya Malkia yalikuwa mazito kupita kiasi kwa mtoto, akayapunguza makali. Ndivyo ilivyokuwa kwamba karani aliyewarudisha watu nyumbani kwa kutia maji kwenye maziwa alisimama jikoni mwake, kila siku, akitia maji kwenye maziwa.

Akello aliwafikia Jumanne. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mnene mwenye mkoba wa buluu begani. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai kule Kericho, na yeye aliyezaliwa hukohuko aliongea Kipsigis, lugha ya vilima vile, kiasi cha kuwafanya bibi vizee wasahau kwamba si wao. Alifunga mizani yake ya kuning'iniza kwenye boriti ya baraza, akamvika Cherotich kile kisuruali cha kupimia, akamwachia aning'inie. Mtoto hakulia. Hilo lilimtia Akello wasiwasi kabla hajaitazama sindano ya mizani.

"Mara ya mwisho alikuwa kilo nne," alisema akifunua kitabu cha kliniki. "Leo ni tatu nukta nane. Anakula nini huyu?"

Janeffer alitazama chini. Kimeli ndiye aliyesimulia: kilio cha jioni, glasi, dirisha, Malkia, chupa. Alisimulia kwa mpangilio kama mtu anayetoa ripoti, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti ilivyopungua, kwa sababu alijisikia mwenyewe. Akello hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

"Twende dispensari saa hii," alisema tu. "Hiyo ingine tutaongea tukirudi."

Nesi alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, akamtazama macho na mdomo, akasema hajakauka sana, wamemwahi. Akawapa pakiti za chumvi za kuchanganya na maji safi, na vidonge vya zinki. Akakataza maziwa ya ng'ombe na akaitupa chupa kwenye pipa mbele yao. Mtoto anyonye kila baada ya saa mbili, pande zote mbili, hata kama maziwa yanaonekana hayapo. Kunyonya ndiko kutakakoyaita. Kwa siku hizo chache aongezewe kidogo maziwa ya kopo ya watoto, kwa kikombe, mpaka ya mama yarudi. Walete mtoto Ijumaa. Akizidi kushuka, atalazwa Bomet.

Waliporudi nyumbani Kimeli aliinuka kuwaacha wanawake na mambo yao. Hivyo ndivyo alivyolelewa: mwanaume hakai chumba kimoja na habari za kunyonyesha.

"Baba Cherotich, kaa," Akello akasema. "Wewe ndio nakutaka."

Alianza na Janeffer kwanza. Alimweka mtoto akamgeuza mwili wote umwelekee mama, tumbo kwa tumbo, kwa kuwa tangu chupa ije alikuwa akigeuza shingo tu na kushika ncha ya chuchu. Akamfundisha Janeffer angoje mdomo ufunguke kabisa kama wa mtu anayepiga miayo, ndipo amvute karibu, ile sehemu nyeusi iingie mdomoni na kidevu kiguse titi. Mara ya nne Cherotich akashika. Alivuta kidogo, akasinzia, akavuta tena. Akello alingoja. Kisha akamgeukia Kimeli.

"Karani, ukikamua Malkia, maziwa ya kwanza na ya mwisho ni sawa?"

"Haiwezi kuwa sawa," Kimeli akajibu upesi, afadhali swali la kazi yake. "Ya kwanza ni nyepesi. Mafuta iko kwa ile ya mwisho kabisa. Ndio maana wakulima wajanja wanatuletea ya kwanza, hiyo ya mwisho wanabaki nayo ya chai."

"Na ukiacha kukamua jioni, ukamue asubuhi peke yake?"

"Itapungua."

"Na ng'ombe ukimpigia kelele akikamuliwa?"

"Anazuia. Hata awe amejaa namna gani, haitoki. Ng'ombe akishaogopa, unaweza..."

Hakumaliza. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono katikati ya magoti, na masikio yalimwaka moto.

"Mimi si ng'ombe," Janeffer alisema kutoka kitandani. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Wewe si ng'ombe, dada," Akello akacheka. "Lakini huyu bwana anasikia lugha gani ingine?" Kisha akaacha kucheka. "Ile uliona kwa glasi ilikuwa ya kwanza, titi ikiwa imejaa. Ya kwanza ni kama hiyo, inamtoa mtoto kiu. Akiendelea kunyonya, hiyo nzito inakuja. Hapo hakukuwa na makosa ya mtu. Na kulia jioni ni kawaida ya watoto, ni kuita maziwa ya kesho."

Akello alipoondoka, Kimeli alibaki amekaa. Kazi yake yote ilikuwa kujua maziwa. Alijua hayo yote, aliyajua tangu akiwa kijana mdogo akimshikia babake kamba ya ng'ombe, na siku moja tu alipoyahitaji hayakumjia. Mganga hajigangi, watu husema, lakini yeye hakujiumiza mwenyewe. Aliwaumiza wawili aliowapenda kuliko wote.

"Janeffer, nilikosea," alisema.

"Sawa."

Kuna sawa ya kukubali na kuna sawa ya kufunga mlango. Kimeli aliitambua hii. Alimsikia mtoto akivuta na kuacha, akivuta na kuacha.

"Unajua nikimweka kwa titi naona nini?" Janeffer akasema, bila kumtazama. "Naona wewe umesimama kwa dirisha na hiyo glasi. Halafu inakataa kutoka. Nasikia kabisa ikikataa."

Kimeli alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya zizi, na huko akalia. Majuto ni mjukuu, na wake alimjia mapema. Alipomaliza alimpigia mamake simu.

Mamake, ambaye tangu Cherotich azaliwe kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, aliwasili kesho yake kutoka Chebunyo na kuku mmoja, unga wa wimbi, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwa ajili ya mzazi. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mizigo bado mikononi. Kisha akamtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Wewe ulinyonya miaka miwili na miezi minne," alisema. "Nikiwa kwa shamba ulikuwa unanifuata kwa mistari ya mahindi ukilia unataka kunyonya. Na ukawa mtu mkubwa hivi. Sasa niambie, ni nani alikupimia?"

Kogo hakungoja ajibu. Alishika jiko. Alimpikia Janeffer uji na supu ya kuku, akamlaza na mtoto kifuani ngozi kwa ngozi chini ya blanketi moja, na kila aliposikia kilio alisema mpe, mpe tu, hiyo yako ni yake. Kimeli naye alikamua, akachota maji, akachemsha vikombe. Alifua nepi na kuzianika kwenye waya ulioelekea barabarani, mchana kweupe. Waliopita na vikapu vya chai waliona karani wa sosaiti akinyoosha nepi kwa vidole viwili, kwa uangalifu uleule alioifanyia mitungi yao, wakacheka mpaka kona ya pili.

Ijumaa walirudi dispensari. Kuharisha kulikuwa kumekoma, lakini sindano ilisimama palepale: tatu nukta nane. Nesi alisema kutoshuka ni hatua, wangoje wiki moja zaidi, lakini macho yake hayakusema hivyo. Maziwa ya Janeffer yalikuwa yakija kwa vijiko. Kikombe cha maziwa ya kopo ndicho kilichombeba mtoto, na nesi alitaka siku saba zijazo kiwe kimepungua kwa nusu. Njiani kurudi nyumbani Janeffer alimfunika mtoto uso dhidi ya vumbi na kutazama mbele. Kimeli alikuwa ameshasema nilikosea mara nne kufikia siku hiyo, na mara zote nne alijibiwa sawa.

Jumatatu alikuwa jukwaani kama kawaida. Kulikuwa na watu kama thelathini, wanaume mbele na wanawake nyuma. Mstari ulipofika kwa mzee Kiptum, ambaye maziwa yake yalikuwa yamerudishwa mara tatu mwaka huo na hakuwa amesahau hata moja, mzee hakufungua mtungi. Aliuwekea mkono juu.

"Karani, kuna kitu tunasikia huko kwa njia," alisema kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa mstari. "Ati ni ukweli ulirudisha maziwa ya bibi yako?"

Wanaume waliangua kicheko. Kogo alikuwa amelisimulia kanisani, na kilichosemwa kanisani Jumapili hakihitaji redio. Wanawake waliokuwa nyuma hawakucheka. Walikuwa wakimtazama, kila mmoja na mtungi wake miguuni, na wengi wao walikuwa na watoto.

Kimeli angeweza kusema ni porojo. Angeweza kusema fungua mtungi, mzee, watu wanachelewa. Alikiweka chini kile kipimo chake cha kioo.

"Ni ukweli," alisema. "Niliirudisha. Na ilikuwa maziwa mzuri, haikuwa na makosa yoyote. Mimi ndio nilikosea. Mtoto wangu amekonda sababu ya huu mdomo wangu."

Kicheko kilikatika. Kwa miaka kumi na mmoja watu hawa walikuwa wamemsikia karani akiwaambia wao wamekosea, na walipomsikia akijisema mwenyewe hawakujua waweke wapi macho. Mzee Kiptum alivua kofia yake ya sufu. Alikuwa amekuja na mzaha, na mzaha ulikuwa umemfia mkononi.

"Pole, kijana yangu," alisema, akafungua mtungi.

Habari zina miguu. Kimeli alipomaliza kupima, akafunga hesabu ya lita, akapanda kilima kwenda nyumbani, wanawake watatu walikuwa wameshapita kwenye ua wake na mitungi mitupu. Alimkuta Janeffer kwenye benchi la barazani juani. Kogo alikuwa kando amempakata mtoto.

"Umesema nini leo pale kwa maziwa?" Janeffer aliuliza.

"Nimesema nilikosea."

"Na nini ingine?"

"Nimesema maziwa yako ilikuwa mzuri."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya Kiptum?"

"Yeye ndiye aliniuliza."

Janeffer aliichora picha ile akilini: lile jukwaa, koti jeupe, mzee Kiptum, na mumewe akilitamka neno hilo. Nyumbani, kando ya kitanda, aliombwa radhi na Kimeli mumewe, na alishamsamehe huyo zamani. Lakini aliyemrudishia maziwa hakuwa mumewe. Alikuwa karani, na hukumu ya karani haiondolewi chumbani. Sasa ilikuwa imeondolewa pale pale zinapotolewa hukumu za maziwa, wenye ng'ombe wote wakishuhudia. Midomo yake ilianza kucheza. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya jino, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakatoka, akawa anafanya yote mawili kwa pamoja.

Kifua cha gauni lake kikalowa. Madoa mawili yalitokea, madogo kwanza, kisha yakapanuka. Janeffer aliinama akayatazama. Kimeli, kwa malezi yake, aligeuza uso upande wa chai.

"Usiangalie huko," Janeffer akamwambia. "Nipee mtoto."

Kimeli alimchukua Cherotich mapajani mwa Kogo akamletea. Mtoto alifungua mdomo, akashika, akavuta mara mbili tatu kwa haraka. Halafu ikasikika sauti ambayo Kimeli hakuwa ameisikia kwa wiki tatu, ya kumeza. Akavuta, akameza. Akavuta, akameza. Maziwa yalimzidi kidogo yakamtoka pembeni ya mdomo, akakohoa, akarudi upesi kama anayeogopa kunyang'anywa. Kogo alisema neno moja la shukrani kwa Mungu, kwa Kipsigis, na akaingia ndani kuipua chungu ambacho hakikuwa kimechemka.

Siku zilizofuata hazikuwa za muujiza. Kulikuwa na saa za kuvuta bila kupata, na jioni bado mtoto alilia. Lakini Janeffer sasa alimpa bila kujificha, popote alipokuwa, na kikombe cha maziwa ya kopo kikawa nusu, kikawa robo, na Jumatano akasahau kukiomba.

Ijumaa Akello alikuja mwenyewe na mizani yake, akaifunga kwenye boriti ya baraza. Cherotich, akiwa ndani ya kisuruali chake, alirusha miguu na kulia kwa hasira iliyowafurahisha wote. Sindano ilicheza huku na huku.

"Karani, wewe ndio mtu wa vipimo," Akello akasema. "Njoo utusomee."

Kimeli alisogea. Uso wa mizani ulikuwa mbele yake, kiasi cha hatua moja. Hakuutazama. Alimgeukia mkewe.

"Mama Cherotich, wewe unaonaje?"

Janeffer alikuwa ameegemea nguzo, mikono imekunjwa. Kutoka pale hakuweza kuona sindano hata kidogo.

"Ameongeza," alisema. "Nilijua tangu jana. Mapaja yake yamejaa."

"Basi ameongeza," Kimeli alimwambia Akello.

"Nasikia. Lakini mimi natakiwa niandike namba."

Ndipo alipotazama. Alifungua mdomo atamke, kilo nne na gramu mia moja, kisha akaufumba na kumpisha mkewe. Janeffer alitoka kwenye nguzo, akaja akasimama kando yake, akasoma namba ile kwa sauti, naye Akello akaiandika.